Maman Émérance na Samaki wa Mto Senne

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili popote mlipo, iwe ni Ixelles, iwe ni Anderlecht, iwe ni jikoni mnapika. Mimi ni Sudi, na saa hii tunaitoa kwa mtu mmoja aliyetutoka. Jina lake ni Émérance Nabintu. Wengi mlimjua kama Maman Émérance wa kwaya. Amefariki Jumatatu iliyopita, asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane. Ameacha binti mmoja, Riziki.

Wengi mlimjua kanisani. Lakini je, mlijua kwamba Maman Émérance alikuwa mvuvi? Mvuvi hapa hapa Brussels, katika mto Senne. Naomba mnisikilize niwaeleze ilivyokuwa.

Alizaliwa Bukavu. Alifika Ubelgiji mwaka 2001, na Riziki mgongoni. Mume wake hakufika. Kuhusu hilo alikuwa hasemi, na sisi hatukumuuliza. Alisomea kazi ya kutunza wazee majumbani, akaifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Kuosha, kulisha, kupanga vidonge, kusikiliza.

Miongoni mwa wazee wake alikuwepo Monsieur Gaston, wa Auderghem. Alikuwa mtu wa miaka themanini na minne, na macho yake yalikuwa yanazimika kidogo kidogo. Maman Émérance alikwenda kwake mara tatu kwa wiki. Na Monsieur Gaston alikuwa na ugonjwa mwingine, ugonjwa wa kuvua kwa mouche.

Huenda hamjui huo uvuvi, wasikilizaji. Hakuna mnyoo kwenye ndoana. Unachukua manyoya ya ndege na uzi mwembamba, unaifunga ndoana mpaka ifanane na mdudu. Kisha unautupa mshipi mbele na nyuma hewani, mpaka yule mdudu wa bandia atue juu ya maji polepole, kama aliye hai. Samaki akidanganyika, ni wako.

Mzee hakuweza tena kuona uzi. Basi akamwomba Maman Émérance amfungie. Akawa anamwelekeza kwa maneno, na yeye anafunga. Mwaka mzima. Kisha wakatoka kwenye bustani nyuma ya nyumba, juu ya majani, bila maji, bila ndoana, na kipande cha sufu nyekundu mwisho wa mshipi. Mzee anakaa kwenye kiti, anasikiliza mlio wa mshipi hewani. Anasema, "Hapana, madame. Si mkono wote. Kifundo tu."

Riziki anakumbuka. Anasema: "Maman alirudiaka nyumbani, ananiambia, yule mzee kichwa kimeanza kumutoka. Tunavua samaki ku majani! Lakini kesho yake unamuona ku cuisine, ameshika mwiko, anafanya vile na mukono. Kifundo tu, kifundo tu."

Siku moja mzee akasema, sasa twende mtoni.

Mto wenyewe ni Senne. Mnapita juu yake kila siku bila kujua, kwa sababu katikati ya jiji ulifunikwa zamani, unapita chini ya barabara. Monsieur Gaston alipokuwa kijana, watu wa kando ya mto huo walifunga madirisha kwa sababu ya harufu. Maji ya vyoo na ya viwanda yote yalimwagwa humo. Ulikuwa mto uliokufa. Baadaye maji machafu yakaanza kusafishwa, na samaki wakaanza kurudi. Wachache. Mmoja wao anaitwa chevesne, samaki mwenye kichwa kinene na mdomo mpana, mwoga kuliko paka.

Walikwenda nje kidogo ya jiji, mahali mto unapoonekana. Mzee haoni. Maman Émérance amemshika mkono. Wakasimama kimya. Kisha mzee akasema, "Kulia kwako. Mita nane. Amekula mdudu." Alikuwa amemsikia samaki. Maman Émérance akatupa mshipi pale alipoambiwa, na chevesne akashika.

Alipomtoa, akauliza kama kuna mfuko wa kumbebea. Monsieur Gaston akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia huyu tunamrudisha, madame, bado ni wachache mno.

Alphonsine, rafiki yake wa kwaya, mpaka leo hajalikubali jambo hilo. Aliniambia juzi: "Mi nilimuuliza, Émérance, we unamukamata samaki, unamuangalia, kisha unamurudisha mu maji? Bon, na sombe, ile majani ya muhogo, tutaikula na nini?" Akacheka, halafu akatafuta kitambaa kwenye mkoba.

Monsieur Gaston alifariki. Watoto wake wakampa Maman Émérance fimbo ya kuvulia na sanduku la manyoya. Na yeye akaendelea. Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupumzika, na kila Alhamisi, kuanzia majira ya kuchipua hadi majani yanapodondoka, alikuwa mtoni. Miaka kumi na mmoja. Peke yake, mwanamke wa Bukavu katika mabuti ya mpira mpaka kiunoni. Wapita njia walisimama kumpiga picha. Yeye aliwasalimia, akaendelea.

Mwaka wa kwanza alishika samaki wawili tu. Wa pili, watano. Mwaka wa tisa, Alhamisi moja, Riziki alipigiwa simu akiwa kazini. Anasema alidhani kuna msiba. Mama yake alikuwa analia. "Aliniambia, Riziki, beko banazala! Samaki beko banazala humu! Aliona tutoto, tudogo kama kidole, mingi sana, pembeni ya mawe. Alikuwa anasema, ile maji walisemaka imekufa, beko banazala ndani yake." Samaki walikuwa wanazaana, wasikilizaji.

Nakumbuka nami alinichukua mara moja. Nilitupa mshipi ukanasa mtini, nikatupa tena ukanasa kwenye koti langu. Akanifungua bila kucheka. Akaniambia, "Papa Sudi, huna haraka ya kufika. Acha mushipi umalize kunyooka nyuma yako, kisha uupeleke mbele." Sikushika kitu. Lakini nilimwona yeye akiwa kazini, na sijaona mtu aliyetulia hivyo.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nafika mahali pagumu.

Miaka miwili na nusu iliyopita, vidole vya Maman Émérance vilikataa kufunga fundo. Alifikiri ni uchovu. Kisha kikombe kikamponyoka. Kisha akaanguka kwenye ngazi za metro, pale Porte de Namur. Hospitali walimpima miezi minne. Jibu likaja: ugonjwa wa Charcot. Ni ugonjwa unaozima misuli mmoja baada ya mwingine, na akili inabaki nzima, inatazama. Hauna dawa ya kuuponya. Narudia, hauna dawa ya kuuponya.

Yeye aliyewaosha wenzake miaka ishirini, sasa anaoshwa. Riziki anasema: "Alikuwa anaangalia mikono yake kama vile ni ya muntu mwengine."

Lakini Alhamisi aliing'ang'ania. Riziki alibadilisha zamu zake kazini, akawa anampeleka mtoni kwenye kiti cha magurudumu. Hawavui. Wanatazama tu. Mama anaonyesha kwa macho mahali samaki alipopanda, binti anahesabu.

Mwaka jana, mwezi wa nane, siku ya joto kali baada ya mvua kubwa, walifika kama saa tano asubuhi. Maji yalikuwa na rangi ya majivu na harufu nzito. Samaki walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Kisha mmoja akageuka, tumbo jeupe juu. Kisha mwingine. Kisha wale wadogo, wengi, kama majani yaliyopukutika.

Riziki akashika simu awapigie wenye mamlaka ya mto. Namwacha aseme mwenyewe.

"Nilipiga mara ine, papa Sudi. Wa kwanza ananiuliza, ni commune gani, manispaa gani, madame? Nikamwambia, siyui, niko hapa ku mto, samaki inakufa. Akasema, donc, uko upande wa kuume ao wa kushoto ya maji? Juu ya ile, kila upande iko na commune yake. Wa pili akanipeleka kwa wa kwanza. Wa tatu, musique ya kungojea. Niko nasikiliza musique, na samaki inakufa mbele ya maman. Wa ine akasema, tunaandika, batakuja."

Akaingia majini na nguo zake za kazini. Alikuwa na ndoo ya kubebea vitu vya mama. Akakamata chevesne saba wakubwa, akawamiminia maji ya kunywa, chupa zote walizokuwa nazo. Watu wawili waliokuwa wakikimbia mazoezi walisimama, wakatazama, wakasema ni huzuni kweli, wakaondoka. Maman Émérance alikuwa juu ukingoni, kwenye kiti. Hakuweza kunyoosha mkono. Hata sauti ilikuwa karibu imekwisha. Machozi yalimtiririka, na hakuweza kuyafuta.

"Aliniita," anasema Riziki. "Nikapanda nimufute uso. Akaniambia, acha, mutoto yangu. Acha. Mi sikuacha. Nikarudi mu maji. Lakini ile ya ndoo ilikuwa imekufa yote, yote saba."

Simu ya tano, wasikilizaji, Riziki alinipigia mimi.

Sijawahi kulisema hili hadharani. Nilikuwa najiandaa kuingia hewani. Huniita tonton, mjomba. Aliniambia, tonton, tangaza, labda kuna muntu anajua muntu. Nami nikamuuliza, "Kuna mtu ameumia, au ni samaki tu?" Nilisema hivyo. Ni samaki tu. Nikamwambia kipindi kimejaa, nitampigia baadaye. Nilimpigia kesho yake.

Labda tangazo langu lisingeokoa samaki hata mmoja. Najiambia hivyo. Lakini kuna watu wangeweza kufika, wakasimama pale pamoja nao. Saa tatu nzima mama na binti walikuwa peke yao, wanatazama kazi ya mto ya miaka mingi ikielea kuteremka na maji.

Siku iliyofuata alikuja mtu mmoja, akachota maji kwenye kichupa, akaandika. Maji yalikuwa yameshakuwa safi. Miezi ikapita. Barua ikaja kwamba chanzo cha uchafu hakikuweza kubainika. Hatujui ni nani. Hatutajua. Riziki alimsomea mama yake barua hiyo kitandani. Mama alifumba macho, akayafumbua. Wakati huo alikuwa hasemi tena. Kufumba mara moja kulikuwa na maana ya ndiyo. Binti anasema hakujua ile ilikuwa ndiyo ya nini.

Baada ya hapo hakutaka kwenda mtoni tena. Kila Alhamisi Riziki alimuuliza, na kila Alhamisi alifumba mara mbili. Hapana. Majira ya baridi pumzi ikawa fupi. Kwaya ilikwenda kumwimbia sebuleni, na Alphonsine akatoka nje katikati ya wimbo kwa sababu hakuweza kumaliza. Jumatatu iliyopita, asubuhi, Riziki alikuwa anamchana nywele. Aliendelea kumchana kwa dakika kadhaa kabla hajatambua.

Nilimuuliza Riziki kama samaki wamerudi. Alhamisi hii alikwenda mwenyewe, akakaa ukingoni muda mrefu. Aliniambia, "Sikuona kitu, tonton. Pengine beko chini. Mi sina macho ya maman."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa redio hii, natoa pole kwa Riziki, kwa Maman Alphonsine na kwaya nzima, kwa ndugu walioko Bukavu na Uvira wanaotusikiliza kwa simu. Mungu awatie nguvu. Na ninyi mlioko hapa, naomba mfikiri jambo moja wiki hii. Tunapoona mtu analilia kitu ambacho kwetu ni kidogo, tunamuuliza nini? Mimi niliuliza swali baya, na siwezi kulirudisha.

Familia inapokea watu leo kuanzia saa tisa alasiri, nyumbani kwa Alphonsine, Ixelles. Mazishi ni kesho. Nendeni. Nami nikizima kipaza sauti hiki nakwenda huko. Nimeandika maneno ya kumwambia Riziki, nimeyafuta, nimeandika tena, nimeyafuta. Nitakwenda hivyo hivyo, nikae.