Mwalimu Lindsay Treloar, Aliyepima Mbio na Kuutetea Mpira

Mchungaji, majirani wa Warracknabeal, na ninyi mliotoka Melbourne alfajiri ili kuwahi ibada hii, familia inawasomea maisha ya Lindsay Arthur Treloar kama yalivyokuwa, kwa sababu mwenyewe aliagiza yasipambwe, na tangu ujana wake alikuwa mtu wa kukasirika tarehe ikikosewa.

Lindsay alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, katika hospitali ya Hopetoun, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Arthur Treloar, mkulima wa ngano wa Yaapeet, na mkewe Edna wa ukoo wa Schier, katika mwaka ambao mvua ilikataa kabisa na vumbi likawa linatolewa sebuleni kwa koleo. Baba yake alikuwa mkali kwa mambo mawili, uzio wa kondoo na mchezaji anayelalamika kuwa ameumia, na watoto wote wanne walikua wakijua kwamba mtu akigongwa uwanjani anainuka, anajipangusa na kunyamaza.

Alisoma shule ya msingi ya Yaapeet kuanzia mwaka 1949 hadi 1955, kisha sekondari ya Rainbow hadi mwisho wa mwaka 1961, akaingia chuo cha ualimu Ballarat, alikohitimu Desemba 1963 katika hisabati na elimu ya viungo, masomo ambayo wenzake waliona hayapatani na yeye aliona ni kitu kimoja. Mpira wetu wa umbo la yai aliucheza kwa miaka kumi na minne, kwanza Rainbow na baadaye hapa, akiwa winga mwenye mguu mzuri wa kushoto na kasi ya kawaida, na familia inayasema haya kwa sababu kuna waliodai kwamba aliwatetea wachezaji wazito kwa kuwa naye alikuwa mzito, jambo lililomuudhi hadi uzeeni.

Alianza kufundisha Murtoa Februari 1964, akahamia sekondari ya hapa Warracknabeal Januari 1970, na huko Murtoa ndiko alikokutana na Glenys Noske, mwalimu wa muziki, wakafunga ndoa katika kanisa la Kilutheri Jumamosi, tarehe 7 Januari 1967, siku ya joto kali kiasi kwamba mpiga kinanda alizimia kabla ya wimbo wa pili na bibi harusi akakaa mwenyewe kwenye kinanda, akamaliza, akarudi madhabahuni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Neil, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1969, na Merrin, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1979, baada ya miaka ya kukata tamaa.

Mwaka 1986, vilabu vya ligi kuu vilipoanza kuchagua vijana kwa zamu kila Novemba, klabu ya Port Albion ilimchukua Lindsay awe msaka vipaji wake wa upande huu wa magharibi, kazi aliyoifanya mwisho wa juma bila kuacha chaki. Wasaka vipaji wa siku hizo walitumia macho na maneno, na mmoja wao, ambaye ni marehemu na hatutamtaja, alijigamba kwamba humjua mchezaji kwa kumwona anavyoshuka garini. Lindsay hakuvumilia upuuzi huo, akaleta saa ya kupimia mbio, kamba ya kupimia mruko na jedwali la kulinganisha, na lazima isemwe wazi hapa kanisani kwamba yeye ndiye aliyeileta saa, kwa sababu watu wengi wanadhani aliipiga vita. Saa hiyo iliwaokoa vijana waliochezea timu zinazofungwa kila Jumamosi, ambao hakuna mtu wa klabu aliyekuwa tayari kuendesha gari kwa muda wa saa nne kwenda kuwatazama. Alichotaka ni vipimo viwe theluthi moja ya uamuzi na mpira wenyewe theluthi mbili, lakini kadiri miaka ilivyokwenda, theluthi yake iligeuzwa nusu, na nusu ikawa karibu yote, kwa kuwa namba inasomeka mezani na mpira unahitaji mtu aliyekwenda uwanjani akaloa mvua.

Sasa tunafika mwaka 1997, ambao Lindsay hakutaka urukwe. Damien Ginnane, mtoto wa wakulima wa Brim, alikuwa mwanafunzi wake, kijana wa miaka kumi na minane aliyepiga mpira sawasawa kwa miguu yote miwili na kuonekana kila mara amefika mahali kabla ya mpira wenyewe, na watu wote wa wilaya hii waliamini atachaguliwa. Jumamosi, tarehe 20 Septemba, katika fainali, Damien aligongwa na goti la mpinzani kwenye paja la kulia, akainuka, akajipangusa, akacheza hadi mwisho, na Lindsay, aliyekuwa amesimama kando ya uzio, aliliona paja lile likivimba kabla ya kombe kukabidhiwa. Siku tano baadaye vijana wa kanda nzima walikusanyika katika ukumbi wa michezo Ballarat kupimwa, na msimamizi alikuwa Lindsay, na kanuni alikuwa ameiandika mwenyewe, kwamba mwenye jeraha aseme kabla ya mbio za kwanza, naye ataandikwa majeruhi na kupimwa siku nyingine, ila akishakimbia hakuna kurudia.

Damien hakusema, kwa sababu huku kwetu hakuna anayesema, na Lindsay hakumuuliza, kwa sababu huku kwetu hakuna anayeuliza, zaidi ya hapo kijana alikuwa mwanafunzi wake na mgeni wa kila Jumapili mezani kwake, naye aliogopa ionekane anambeba. Mita ishirini alizikimbia kwa sekunde tatu nukta tatu moja, muda wa mtu anayewahi posta kabla haijafungwa. Ndipo kijana akamfuata pembeni akamwambia, "Mwalimu, paja limekaza, niruhusu mara moja tu." Lindsay akamjibu, "Ulitakiwa kusema kabla, Damien, kanuni ni ya wote," akauandika muda ule kwa mkono wake, na nakala zikaenda kwa vilabu vyote.

Katika kikao cha Port Albion cha mwezi Novemba, Lindsay aliomba muda ule usihesabiwe, akaeleza habari za goti na fainali, akaomba zamu ya saba ya klabu itumike kumchukua Damien badala ya Rohan Petschel, kijana wa Geelong mwenye sekunde mbili nukta nane nne, ambaye aliruka kama ana springi na kuudaka mpira kama chungu cha moto kilichotoka jikoni. Mkuu wa uteuzi, Bwana Warwick Penhall, ambaye yupo nasi leo na ameridhia haya yasomwe, alimwambia, "Lindsay, ndugu yangu, Rohan mpira nitamfundisha, Damien kasi nitamnunulia wapi?" Lindsay akajibu, "Kasi Rohan anayo, lakini muulize anakimbilia wapi." Watu wakacheka, na Bwana Penhall akaligeuza jedwali likamwelekea Lindsay, akaweka kidole kwenye ile tatu nukta tatu moja, akauliza, "Mwandiko huu wa nani?" Kikao kikaendelea na zamu nyingine.

Petschel alichaguliwa, akaichezea Port Albion kwa heshima misimu tisa, na Lindsay hakuwahi kumsema vibaya, tena alimpigia simu siku alipostaafu. Damien hakuchaguliwa na klabu yoyote, si mwaka ule wala uliofuata, akarudi Brim kulima ngano na dengu, akaichezea timu ya hapa hadi magoti yakakataa, na tarehe 16 Machi 2002 akamwoa Merrin katika kanisa hili hili, hivi kwamba kwa miaka ishirini na moja Lindsay alikula chakula cha Krismasi akitazamana na muda alioandika mwenyewe. Damien hakulitaja jambo hilo hata mara moja, na familia ina hakika kwamba ukimya ule ulimuumiza Lindsay kuliko kama angetukanwa mbele ya watu.

Alistaafu ualimu Desemba 1998, akabaki na klabu, na nguvu zake zote akaziweka katika kutafuta kipimo cha mpira wenyewe. Alibuni zoezi la kijana kuukimbilia mpira unaodunda ovyo kwenye nyasi, kuuokota bila kusimama, kugeuka huku anasukumwa, na kumpigia mwenzake anayekimbia, kwa mguu utakaotajwa papo hapo, na baada ya miaka sita ya kubishana klabu ililikubali, mwaka 2004. Alifurahi msimu mmoja. Kufikia mwaka 2009 walimu wa kulipwa mjini walikuwa wakiwafundisha vijana zoezi lile peke yake, asubuhi na jioni, vijana wakafika kwenye vipimo wakilicheza kama dansi, wakapata alama za juu, kisha katika mechi halisi wakasimama kusubiri mpira uwafuate. Lindsay alirudi nyumbani siku moja, akamwambia Glenys, "Nimewatengenezea kitu kingine cha kukariri," akaenda kumwagilia nyanya hadi zikaoza mizizi. Klabu ilimuaga kwa heshima tarehe 28 Oktoba 2011, na zawadi iliyochaguliwa, bila shaka kwa nia njema, ilikuwa saa ya kupimia mbio iliyopakwa dhahabu, ambayo hakuwahi kuitoa ndani ya boksi.

Mjukuu wake wa pekee kwa Merrin na Damien, Tess, alizaliwa tarehe 11 Juni 2005, na leo anacheza katika timu ya wasichana ya wilaya, ana miguu yote miwili ya baba yake na, kwa bahati mbaya, kasi ya babu yake. Mwaka huu ametimiza umri wa kuchaguliwa katika ligi kuu ya wanawake, vipimo vikiwa Oktoba na uteuzi Desemba, na hili ndilo lililokuwa kichwani mwa Lindsay tangu madaktari wa Horsham walipomwambia, tarehe 21 Februari 2023, kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba Desemba iko mbali sana kwake.

Jumamosi, tarehe 22 Julai, Bwana Penhall aliendesha gari kutoka Melbourne kuja kumwona. Sote tulidhani Lindsay atalitaja jina la Tess, Merrin alikuwa amemsihi alitaje, lakini wazee wale wawili wakaongea habari za mvua na bei ya dengu mpaka chai ikapoa. Bwana Penhall alipoinuka kuaga ndipo Lindsay akasema, huku Damien amesimama mlangoni ameshika koti la mgeni, "Warwick, yule kijana paja lake lilikuwa limevimba. Nililiona siku ya fainali, na Ballarat nilikuwa najua." Bwana Penhall akasema, "Tulijua wote, Lindsay. Mimi mwenyewe nilikuwepo kwenye fainali, nimekaa kwenye gari upande wa golini. Tuliona anavyochechemea, na tuliona anavyocheza hata hivyo. Lakini namba ilikuwa imeshaandikwa."

Damien alimvalisha mgeni koti lake, akamsindikiza mpaka kwenye gari, na aliporudi alikaa pembeni ya kitanda, akasema, "Baba, ningesema mwenyewe. Nilikuwa na mdomo." Lindsay akamjibu, "Nani alikufundisha kuufunga?" Hayo ndiyo maneno waliyoambiana juu ya mwaka 1997, na hayakuongezwa mengine.

Lindsay alifariki dunia nyumbani kwake, barabara ya Jamouneau, Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, Glenys, Neil na Merrin wakiwa kando yake. Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watatu, na hoja ambayo hakuna klabu iliyoimaliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Horsham, na wauguzi wa hapa mjini waliokuja nyumbani kila siku hata barabara zilipojaa maji, inawashukuru majirani, hasa waliovuna nyasi za kondoo bila kuulizwa na waliojaza friji yetu kwa supu ya maboga kupita uwezo wa mtu yeyote kula, na inawashukuru walimu wenzake na wasaka vipaji wenzake, wakiwemo waliobishana naye kwa miaka ishirini na tano na bado wakaja.

Limebaki tangazo moja juu ya Tess, ambaye Lindsay aliruhusu atajwe leo kwa sharti kwamba lisiwe ombi. Wapo hapa leo watu wa vilabu vinne, na tumesikia kwamba wamepanga kubaki hadi Jumamosi wamtazame Tess. Wasibaki. Jumapili iliyopita, siku nne baada ya kifo cha babu yake, Tess alimwambia kocha wake mbele ya timu nzima kwamba goti la kushoto linamuuma, na kwamba hatacheza hadi lipone, jambo ambalo halijawahi kutamkwa na Treloar wala Ginnane yeyote tunayemjua. Goti likiwa limepona, atacheza Jumamosi ya tarehe 26, saa nne asubuhi, uwanja wa Minyip, na utabiri unasema mvua itanyesha.

Pumzika sasa, Lindsay, amani iwe nawe.