Mwani Uliotiwa Bwawani kwa Mzee Tharsisi

KARIBU
Mgeni rasmi, Bwana Ofisa wa Ustawi wa Jamii, umri wetu hauturuhusu kukuamkia, ila heshima yako tunaijua. Karibu Nyakitonto. Sisi ni bibi tunaolea watoto wa kitongoji mama zao wakiwa shambani. Tunajua umekuja kuamua leo kama kituo chetu kifungwe. Hata hivyo karibu, kaa.

HISTORIA
Habari za mwani alitueleza mwenzetu Bi Mwamvua, muuza kanga, Machi mwaka huu wa 2014, aliporudi kutoka kumzika dada yake kwao Pemba. Marehemu alilima mwani baharini kwa vigingi na kamba. Bi Mwamvua alikuja na gunia la mwisho la marehemu, la mwani mkavu, akasema, "Jamani, watoto wa huku nao waijue bahari."

MAFANIKIO
Tuliloweka kidogo kwenye beseni, tukatia chumvi ya Uvinza. Watoto wakashika. "Ee bibi, unateleza kama mlenda!" alisema Ndayikunda, mjukuu wa mwenzetu Esteri. Wakajua kwamba vifaranga vya samaki hujificha humo wasiliwe, kwamba wako samaki wanaoula, na kwamba mwani ulio hai huyapa maji hewa.

CHANGAMOTO
Walielewa kupita tulivyotaka. Waliwahurumia perege wa jirani yetu Mzee Tharsisi, ambao bwawa lao halina hata jani la kujificha. Wakamwaga humo gunia lote lililobaki, na chumvi yetu yote, liwe bahari. Sisi tulikuwa tunapepeta maharage, tukafurahi kwamba wametulia.

Mwani mkavu haufufuki. Ulioza, maji yakanuka, samaki wakaelea matumbo juu.

"Mmelisha samaki wangu dawa ya pwani!" Mzee Tharsisi alipiga kelele.

"Baba, ningekuwa na dawa si ningeanza na goti langu?" alijibu Bi Mwamvua.

Wengine walicheka. Mzee hakucheka. Tangu hapo mawe yanatua juu ya bati la Bi Mwamvua, na akina mama watatu wameondoa watoto. Ndayikunda huuliza, "Nyumba tuliwapelekea, mbona wamekufa?"

MAOMBI
Kosa la kutoangalia ni letu. Bwawa tumelisafisha kwa mikono yetu, na vifaranga vipya tutavitafuta. Tunaomba kituo kibaki. Tunaomba useme mbele ya watu hawa, kwa kinywa chako cha serikali, kwamba mwani ni mmea, si uchawi. Sisi tumesema, hatusikiki. Mwenzetu ameshafunga mizigo.

Na hili halimo kwenye karatasi. Watoto walikungoja tangu asubuhi wakuimbie. Wamelala pale mkekani, mmoja mmoja. Ndayikunda alikuwa anajikaza, macho mlangoni. Naye sasa kichwa kimeangukia mapajani kwa Bi Mwamvua, amelala. Akiamka, bwana, amkute Bi Mwamvua bado yuko hapa.

Mungu akulinde njiani hadi Kasulu.

Ni sisi,
Bibi Walezi wa Turere Abana, yaani Tulee Watoto