Mtani Aliyezishika Chunjua Zangu

Ndugu zangu wa kisomo, mwalimu kaniambia nisimame, nami nimesimama. Kabla sijasema neno, itazameni mikono hii. Mama wa pale nyuma, usicheke, njoo uishike.

Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule darasa la tano niwalee wadogo zangu watatu. Niliwaapia kwamba hatutatawanywa. Tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa nikapewa kazi ya kukamua asali. Mnaijua: sega mkononi, unaminya.

Ndipo zikaniota chunjua. Moja kidoleni, mara zikawa tano, mara viganja vyote. Watu wakaanza kunisalimu kwa mbali. Hakuna aliyeniambia kitu.

Aliyesema ni shangazi yetu wa Urambo. "Mwanangu, hiyo ni laana au ni ukoma. Tumbaku ikishauzwa, nakuja kumchukua huyu binti mdogo."

Kwa hofu nikashika wembe, nikazikata zote. Zikarudi, tena zimeleta wageni. Na wembe uleule ndio niliomkatia kucha huyo binti mdogo. Nilipoona kachunjua kwenye kidole chake, ndugu zangu, nawaambia, nililia.

Nikampeleka zahanati, mikono yangu nimeizungushia khanga. Mganga alikuwa Mzaramo. Kusikia mimi Mnyamwezi, mtani wake wa jadi, akaanza:

"Mtani! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani. Wewe umebeba nini humo?"

"Sanda yako."

Akaifungua khanga, akanishika mikono yote miwili. "Lo! Umelima uyoga na hukunialika!"

Nikacheka mpaka machozi. Miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa amenishika.

Kisha akasema bila utani: si laana, si ukoma. Ni kidudu kisichoonekana kwa macho, huingia penye mchubuko, na wembe hukisambaza. Akanipa dawa. Kila jioni niloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu, nisugue taratibu kwa jiwe langu peke yangu, nipake juu ya chunjua tu. Taulo langu, lisiguswe na mwingine. "Na usinijie kesho kulalamika. Hii ni kazi ya wiki nyingi." Ya mtoto alisema tuiache, huenda ikaondoka yenyewe. Kweli, iliondoka bila kuaga.

Msimu wa tumbaku ukaisha, shangazi akashuka kwenye treni na kikapu cha kubebea nguo za mtoto.

"Shikamoo, shangazi." Nikampa mikono miwili.

Akaigeuza, akaikagua kama anayepanga madaraja ya tumbaku. "Marahaba," akasema mwishowe. "Sasa mnanisimamisha kwa nini? Nijazieni chupa za asali humu, treni isiniache."

Namshukuru mtani wangu, na jirani aliyenikamulia zamu zangu mpaka nikapona. Kitu kikikuota, usikifiche wala usikikate, kipeleke zahanati. Na ukimwona mwenzako ameficha mkono, usimsalimu kwa mbali. Mtanie, umshike.

Tukitoka hapa, piteni nyumbani. Wadogo zangu wako watatu, wote, na asali ipo.