Gari la Erick Limeinuka

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya Kasingirima. Wazazi wetu wenye shughuli, Mzee Egide na Mama Verediana. Mama Aikande, uliyekuja kutoka Moshi kumchukua mkweo. Padri na Shehe, mliokaa meza moja mkigombea sinia moja. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa bali mlifuata harufu ya samaki, migebuka ya kukaanga: nawasalimu wote kwa heshima ya kila mmoja.

Kabla ya yote, nina tangazo zito. Naomba wenye kofia wazivue, isipokuwa mimi, kwa sababu za upara. Ndugu zangu, gari la Erick limeinuka. Limeinuka vidole vinne vya mtu mzima kuliko lilivyokuwa, na kuku wa mtaa huu, waliozoea kulizunguka, sasa wanapita chini yake bila kuinama.

Mnacheka. Lakini ni nani hapa asiyejua kwamba bila vidole hivyo vinne, leo tusingekuwa tunamuaga bibi harusi wetu, Générose?

Kwa faida ya wageni: mimi ni Mwinshehe, mkuu wa kazi wa Erick pale ofisi ya maji, na mshenga wake pia, cheo nilichokipata kwa kuwa ofisini nilikuwa mtu mzima pekee asiye na safari wiki ile. Mwaka jana, watu walipojaa ufukweni Kagunga wakikimbia Burundi, na meli ikawa inawaleta mjini kwa zamu, Erick alipelekwa kufunga matangi ya maji. Générose, aliyezaliwa hapahapa na wazazi waliovuka ziwa zamani, alikuwa mkalimani. Erick akisema sentensi moja, Générose anatafsiri tatu. Siku niliyokwenda kukagua, nikamuuliza mama mmoja kwenye foleni aliyejua Kiswahili, kijana wangu anasemaje? Akanijibu, "Yeye anasema maji yako kule. Dada anasema maji yako kule, yachemsheni, na kijana huyu msimcheke, ndiyo kwanza anajifunza kazi."

Hapo nikajua mambo yameiva.

Tatizo lilikuwa gari. Wazee wenzangu, kuna vijana hununua gari zima, lenye afya, kisha wanakata springi zake ili tumbo lilale karibu na lami. Kwamba lami yenyewe haipo, kwao ni jambo dogo. Erick alikuwa mmoja wao, na siku ya kwenda kujitambulisha akaona heshima ni kumchukua Mzee Egide kanisani na kumrudisha nyumbani kwa gari hilo, huku ukoo mzima ukingoja mlangoni.

Gari likafika. Mlango ukafunguliwa. Mguu mmoja ukatoka, ukatafakari, ukarudi ndani. Mwishowe mzee akatoka akiwa ameweka mikono miwili chini, kofia ikitangulia, mbele ya mkwe! Nambieni, Muha, Mrundi, Mchaga au Mluguru kama mimi, ni wapi mlikosikia baba mkwe akimwinamia kijana? Shangazi Leonia akashindwa kujizuia: "Ehee! Kumbe leo baba ndiye anayeposa!"

Mzee akapangusa magoti yake, akasema neno moja la Kirundi, la kukataa: "Oya." Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Tukakimbilia gereji kwa fundi Martini. Shokapu zenyewe zilikuwa zimeshakufa, zinavuja mafuta, kwa hiyo ilibidi kuchagua nyingine.

"Weka fupi, ngumu," akasema Martini. "Gari linabaki chini, linaganda barabarani kama kupe."

"Na baba mkwe?" nikauliza.

"Apande bodaboda."

Erick naye alitaka zile za kuskrubu. Ukizungusha nati upande huu gari linapanda, ukizungusha upande ule linashuka. "Nikienda kwa mzee nalipandisha, bosi. Nikienda Katonga na washkaji nalishusha."

"Na mzee akienda Katonga kununua dagaa?" nikamuuliza.

Mimi, kwa busara zangu, nikashauri shokapu ndefu za kawaida. Martini akanitazama kwa huruma. "Ndefu kwenye springi iliyokatwa? Gari likiruka shimo moja, springi inachomoka kwenye kiti chake."

Kasingirima haina siri. Jioni ile ile mzee alishaambiwa habari ya nati, na akaniita. "Mshenga, nasikia kijana anatafuta gari la sura mbili. Nikimpa binti yangu, nitajuaje kesho yake nitaona sura ipi?"

Sasa, mjini inasimuliwa kwamba nilimjibu kwa methali nzito hata mzee akalainika. Mheshimiwa Diwani ameirudia hadithi hiyo hapa muda mfupi uliopita. Ni hadithi nzuri, na ninaipenda sana. Ila haikuwa hivyo.

Ukweli ni huu. Nilimpeleka mzee gereji ili nimweleze mbele ya Erick. Nilikuwa bado kwenye methali ya kwanza Générose alipoingia akitoka kazini. Akatupita wote, akachuchumaa kando ya gurudumu.

"Fundi, springi za gari hili ambazo hazijakatwa zinapatikana?"

"Zinapatikana."

"Na shokapu za urefu wake wa kuzaliwa?"

"Zipo. Ila litakuwa kama gari la mwalimu mkuu."

"Générose," Erick akalalamika, "tutachekwa mpaka Mwanga sokoni!"

"Tuchekwe."

Kisha akamgeukia baba yake, akaongea Kirundi, polepole. Alipomaliza akatutafsiria, kama kazi yake ilivyo: "Nimemwambia, hizo fupi ni za kuzunguka mjini. Moshi kwao Erick, tunakohamia, ni mbali, na njia ya Uvinza ni mawe. Mimi nataka gari litakalonirudisha hapa kila Desemba, watoto wakiwa nyuma, na mtu asije akanipa sababu ya barabara mbovu."

Mzee Egide aliondoka kwao Burundi akiwa kijana, akiwaahidi wazazi wake kwamba atarudi baada ya mavuno. Hakuwaona tena. Pale gereji akalitazama gurudumu. Halafu akamuuliza Erick, si mimi, "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi fungeni hizo za kuzaliwa."

Na hakuondoka. Alivua koti, akanipa nimshikie, akasimama juani mpaka Martini alipokaza nati ya mwisho. Kisha akainama, akaijaribu kwa mkono wake mwenyewe.

Mchango wangu wote katika ndoa hii, ndugu zangu, ulikuwa kushika koti. Nawashukuru kwa masikio yenu.