Daftari la Mwaka 1974

Ndugu waombolezaji, familia imenipa karatasi hii niisome kwa kuwa mimi ndiye ninayefuatilia historia ya ukoo wetu, nami nitaisoma, ila nimeisahihisha.

Marehemu, ambaye nimemwita dada maisha yangu yote, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akafaulu kuingia sekondari, akakatisha masomo Februari 1974 kwa sababu ya ugonjwa, ndivyo tulivyoambiwa siku zote.

Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, akaitumikia miaka thelathini na minne, na mwandiko wake mzuri umo katika vyeti vya wengi mlioketi hapa, kikiwemo changu. Nilipoanza kuwatafuta mababu zetu, mwaka 2010, yeye ndiye aliyenifungulia stoo, akanishikia tochi, akapiga chafya kwa vumbi lile hadi tukampata babu wa babu, seremala, lakini nilipoomba daftari la mwaka 1974, mwaka niliozaliwa mimi kitinda mimba, alinijibu bila kupepesa macho kwamba limeliwa na mchwa.

Aliolewa tarehe 14 Desemba 1985 na fundi cherehani, aliyemtangulia mwaka 2009, na hapa karatasi inasema hawakujaliwa watoto.

Juzi nilikwenda ofisini kuhakikisha tarehe hizi, nikaliona daftari hilo rafuni, halina hata tundu moja, na ndani yake, tarehe 17 Agosti, nimo mimi, mama yangu ni mwanafunzi wa miaka kumi na sita, ndiye huyu aliyelala mbele yetu, na mahali pa baba pana mstari mtupu. Cheti alichoniandikia yeye kinamtaja mama yake kuwa ndiye mama yangu. Shangazi, nilipomuuliza jana jikoni, alisema yaliyopita si ndwele, na kwamba hata yeye hakutajiwa mwanamume huyo, lakini kwangu mimi ndiyo kwanza yanauma, maana wazee wote mlijua, mkaniacha nihangaike na wafu wa karne iliyopita, na mwenye majibu akinimiminia chai. Mmenisaliti, na yeye zaidi yenu.

Kwa hiyo pasomeke hivi: marehemu ameacha mtoto mmoja, wa kiume.

Alianza kuugua figo Novemba 2021, akafariki tarehe 4 Juni 2023, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, neno lake la mwisho likiwa kuniomba nifungue dirisha, basi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia uji, na makarani wenzake, hasa yule aliyenisogezea kiti juzi nilipokuwa nikilisoma daftari lile.

Pumzika kwa amani, dada. Lile jina jingine hukunipa muda wa kulizoea.