Msomaji wa Pili wa Shamba la Dolomaiti

Mgeni rasmi, umefika, na kiti chenye miguu minne ni hicho chako.

KUKUPOKEA
Sisi wafanyakazi wa maabara ya udongo tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Hilo la moyo mmoja si mapambo. Tulikuwa sita, wengine wakahamishwa, wengine wakastaafu, akabaki mpimaji, ndiye anayesoma risala hii. Vikombe vyote sita bado anavisuuza kila asubuhi, visishike vumbi.

TULIKOTOKA
Miaka miwili iliyopita, mahindi yetu yalipata njano kati ya mishipa ya majani ya chini. Udongo wenye asidi ulikuwa umeishiwa magnesi, madini yanayoyapa majani ukijani. Mpimaji akagawa shamba sehemu mbili: huku chumvi ya magnesi, kule chokaa ya dolomaiti, jiwe la kusagwa lenye magnesi ndani yake.

TULIYOYAONA
Chumvi iliyeyuka upesi, majani yakarudi kijani ndani ya wiki tatu. Mvua kubwa zilipokuja ikazama nazo chini ya mizizi, na asidi ikabaki ileile. Dolomaiti ilikaa kimya msimu mzima. Mama jirani akawa anasimama uzioni.

"Mwanangu, mbolea yako imelala?"

"Haijalala, mama. Asidi inaila polepole."

"Basi iambie asidi iote meno."

Msimu huu asidi imepungua, magnesi ipo, na mama huyohuyo anaomba debe moja.

YANAYOTUSUMBUA
Kila kipimo lazima kisomwe na watu wawili. Mpimaji alisoma asubuhi, akatia sahihi; akala, akasoma tena mchana, akatia sahihi ya pili kwa wino mwekundu. Makao makuu wakarudisha fomu: "Wasomaji wenu wanafanana mno." Bila msomaji wa pili matokeo hayahesabiki, na Jumatatu trekta inaingia shambani kulifuta jaribio. Punje za dolomaiti bado zimo, kazi yake iko nusu.

TUNAYOOMBA
Tuletewe mtu. Asiwe bingwa, ajue tarakimu, na akiitwa aitike.

Kwa leo, mgeni rasmi, kipimo kiko kwenye mashine nyuma yako. Kanuni haisemi msomaji wa pili awe nani. Mpimaji ameshasoma, na hatakutajia kitu. Andika ulichokiona, tia sahihi mstari wa chini. Chai yako imo kwenye kikombe cha pili.

Mungu akufikishe salama kwako, ila asikuharakishe.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Udongo