Josephat Mhoja Machibya na Shimo la Saba

Mimi Venant, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye niliyepewa kusoma wasifu huu. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa Igoma tarehe 12 Machi 1939, mtoto wa tatu wa Mzee Mhoja Machibya. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akahitimu mafunzo ya kilimo Ukiriguru mwaka 1961. Tarehe 5 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Modesta, wakajaliwa watoto watano.

Alikuwa Bwana Shamba kwa miaka thelathini na minne. Mwaka 1994 alitumwa hapa tulipo, ufukweni Ilemela, kupima kama ardhi inafaa kwa matufaa. Mwekezaji aliitaka yote, na kaya thelathini na moja zingehamishwa. Marehemu alichimba mashimo saba kwa jembe lake. Kuanzia Juni hadi Agosti alitundika kipimajoto nje ya jiko, akawa anakisoma kila alfajiri. Shemeji Modesta akamwambia, "Baba Bernadeta, huo ukuta hauna homa, njoo unywe uji."

Mtufaa usipopata majuma mengi ya baridi kali hautoi maua, na kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi kumi na tano. Shimo la saba liligota mwamba futi nne na nusu. Akaandika: Haifai.

Mkubwa wake wa kazi alimwita. "Josephat, andika inafaa. Miti ikifa, hasara ni ya mwekezaji."

"Miti ikifa, mzee, ardhi itarudi kwa nani?"

Wanakijiji nao, waliokuwa wameahidiwa ajira, waliacha kumsalimia kanisani. Mnaokumbuka mnajijua. Mwekezaji alipoondoka, Machi 1995 marehemu akapunguzwa kazini. Barua ilisema ripoti yake ni ya uongo, kwamba aliiandikia mezani na hakuchimba hata shimo moja. Iliniuma, na bado inaniuma.

Alipotolewa nyumba ya serikali, kaya zilezile thelathini na moja zilimkatia ekari hii. Hapo mlifanya vema. Shimo la saba alikataza lisifukiwe, akalifunika mbao baada ya mbuzi wa Mzee Ngosha kutumbukia. Kila mgeni alionyeshwa.

Kisukari kilimpata mwaka 1996, akakatwa mguu. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Agosti 1998, baada ya kuagiza mahali pa kumzika.

Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu tisa.

Ndugu waombolezaji, vijana hawakuchimba kaburi. Wameondoa mbao na kusawazisha kingo tu. Chini mwamba unaonekana, futi nne na nusu. Aliyeandika barua ile, kama yupo, asogee aangalie kabla hatujafukia.

Kaka, pumzika kwa amani katika shimo wanalosema hukulichimba.